Fundi Blanketi na Mpigo Uliochelewa

Dereva wa teksi alinishusha nusu kilomita kabla ya nilikokuwa nakwenda, akasema gari lake halinywi vumbi la mbao. Nikaburuta begi langu kwenye barabara ambayo sikuwahi kuikanyaga, misumeno ikilia kulia na kushoto, na kila niliyemuuliza njia akanielekeza kwa kidevu kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Nilikuwa natafuta studio ya muziki. Watu watatu katika miji mitatu walikuwa wameniambia, kwa ile sauti ya chini ambayo watu huitumia wakitaja kaburi la mtu mwema, kwamba nisipite upande huu wa dunia bila kumwona Fundi Blanketi, maana ndiye wa mwisho anayejua kuutia muziki joto.

Studio iko ghorofani, juu ya karakana ya useremala. Ngazi zake ni za mbao, imara kuliko jengo lenyewe. Mlangoni pamebandikwa karatasi: VUA VIATU. SAUTI KALI MARUFUKU. Moja kwa moja chini ya karatasi hiyo, msumeno wa umeme ulikuwa unapasua ubao kwa kelele ya kutoboa fuvu. Nikavua viatu.

Ndani palikuwa na mashine ya kanda kubwa kama jiko la kuokea, magurudumu yake mawili yakizunguka taratibu kama ng'ombe wanaocheua. Mbele yake amekaa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, amevaa sweta siku ya jua kali. Pembeni yake, mwimbaji mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Umesikia?" Blanketi akamuuliza.

"Nimesikia, mzee."

"Umesikia nini?"

Mwimbaji akamtazama, akaitazama mashine, akanitazama mimi, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Joto," akasema.

"Joto!" Blanketi akapiga paja. "Wimbo wako ulipoingia hapa ulikuwa unanichoma kama sindano ya hospitali. Sasa je?"

"Sasa unakumbatia."

"Mwambie na huyu mgeni."

"Unakumbatia kweli," mwimbaji akaniambia, na nadhani alikuwa ameshaanza kuamini.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza kuliko wenyewe wanavyopenda. Kila mlio una ncha. Kijiti kikigusa ngozi ya ngoma, kidole kikichomoka kwenye uzi wa gitaa, kuna ule mguso wa kwanza kabisa, mfupi kuliko kupepesa jicho, halafu ndipo mlio wenyewe unafuata na kutandaa. Mashine za zamani, za kanda, zilikuwa hazimudu ule mguso. Zilikuwa zinaukwangua, kama mtu anayepiga msasa kona ya meza. Ilikuwa kasoro, na mafundi wa zamani waliilalamikia hadi wakastaafu. Kisha zikaja kompyuta zinazonasa ncha yote ilivyo, na mara watu wakaanza kuilia ile kasoro kama marehemu mwenye urithi. Wakaipa jina: joto.

Nimelisikia neno hilo kwa lugha nne, na katika zote nne huwa linatamkwa pale hoja inapokwisha. Muuza kamera za zamani analo, mwenye hoteli isiyo na maji ya moto analo. Blanketi alikuwa nalo mara thelathini kwa siku.

Maisha yake hayana siri. Alianza kama mtunza kanda katika kituo cha redio: kazi yake ilikuwa kupanga makasha kwenye rafu na kufuta ukungu. Hakuwahi kurekodi mtu. Kituo kilipohamia kwenye kompyuta, mashine tatu zilitupwa uani, na yeye akaomba moja, akaibeba kwa mkokoteni. Miaka kadhaa haikumletea chochote ila malalamiko ya mke, maana ilikaa chumbani na kitanda kikahamia sebuleni. Siku moja akarekodi bendi ya harusi bila kujua kwamba kichwa cha mashine, kile kinachogusa kanda, kilikuwa kimechakaa na kimejaa uchafu. Ngoma zikatoka kama zinapigwa ndani ya gunia la pamba. Mpiga ngoma akataka kumpiga na yeye. Lakini mgeni mmoja kutoka mbali, mwenye nywele ndefu na pesa za kuchezea, akaisikia kanda hiyo akafumba macho akasema hajawahi kusikia kitu chenye roho namna hiyo.

Kuanzia siku hiyo kichwa cha mashine hakijasafishwa. Wapiga ngoma wa mji wakampachika jina la Blanketi, kwa kuwa kila kinachopita kwake kinatoka kimefunikwa gubigubi. Walikuwa wanamtukana. Yeye akalichukua jina akalichapisha kwenye kadi.

"Mashine hii naiita Mama Mkubwa," aliniambia jioni ile ya kwanza tulipokaa kula.

"Ndiyo mke mkubwa," mke wake akasema akiweka bakuli mezani. "Mimi ni wa pili. Mwenzangu hapiki, hafui, na akiumwa anaitiwa fundi siku hiyohiyo."

Ni mwanamke mrefu, mwenye mikono isiyotulia. Sababu ya mikono hiyo iliingia mlangoni baadaye kidogo, ikipangusa vumbi la mbao kwenye nyusi: kaka yake, mwenye karakana ya chini. Ni kiziwi tangu kuzaliwa, na mtaani wanamwita Seremala tu. Studio hii aliijenga yeye, ukuta kwa ukuta, akipima kwa mbao na kitambaa ukimya ambao hajawahi kuishi nje yake. Msumeno wake ndio uliokuwa unalia chini ya lile tangazo.

Alinipa mkono, akanitazama kutoka juu hadi chini, kisha akamwambia dada yake kitu kwa vidole.

"Anauliza kama na wewe umekuja kufunikwa blanketi," dada akatafsiri.

"Mwambie nimekuja kuandika."

Vidole vikaenda na kurudi. "Anasema bora kuandika, hakuna anayeandika joto. Halafu anasema shemeji yake, yaani mume wangu, ni mtu pekee duniani anayelipwa kwa kupoteza vitu."

"Hajasema hivyo," Blanketi akalalamika. "Alisema maneno mawili tu. Nimeona."

"Mengine ni ya usoni."

"Hayo ni yako, mama watoto. Unajitungia."

"Basi jifunze usome mwenyewe," mke akasema. "Miaka kumi na minane umeoa kwetu, unachojua kwa mikono ni 'chakula' na 'kwaheri'."

Hapo ndipo nilipofahamu kilichokuwa kinaendelea katika nyumba ile wiki hiyo. Seremala ana kikundi cha ngoma cha viziwi, wachezaji kumi na wawili. Wanacheza pekupeku juu ya jukwaa la mbao alilolitengeneza yeye, lenye uwazi ndani kama sanduku la gitaa, na chini yake spika nne zimelazwa chali zikiusukuma mlio ndani ya mbao. Mpigo unawafikia kwa nyayo. Mapigo anayatunga mwenyewe kwa nyundo ya mbao kwenye meza yake ya kazi, na wapiga ngoma na marimba wenye masikio wanakuja kuyaiga na kurekodiwa huku juu. Jumamosi walikuwa wanakwenda kucheza katika ukumbi wa mji wa jirani, mbele ya watu mia nne, karibu wote wanaosikia.

Mwaka uliotangulia walicheza katika ukumbi huohuo. Ilikuwa aibu, ingawa ukumbi mzima ulisimama kuwapigia makofi.

"Tatizo ndiyo hayo makofi," mke wa Blanketi alinieleza, mikono yake ikimtafsiria kaka yake aone anachosema. "Walikuwa wanawahi. Mguu unatua, ngoma inafuata. Mguu, ngoma. Wimbo mzima. Watu wakatazamana, wengine wakacheka chinichini, halafu wakasimama wakapiga makofi kama unavyompigia mtoto aliyesahau shairi. Maskini, hawasikii, wamejitahidi. Mama mmoja alikuja nyuma ya jukwaa akilia, akampa kaka yangu ndizi."

Seremala akaongeza jambo kwa vidole, polepole.

"Anasema ndizi yenyewe ilikuwa imeiva kupita kiasi."

Hakucheka. Dada yake, mwenye masikio, ndiye aliyempa habari kwamba wachezaji wanawahi, naye aliamini, angefanyaje? Alirudi nyumbani akamwondoa kikundini mchezaji wake wa mbele, msichana fundi cherehani ambaye wenzake wote humfuata, kwa sababu kama kuna mtu anayewahi basi anaanza yeye. Msichana alikataa kwamba amekosea. Alikanyaga sakafu akaonyesha, akakanyaga tena. Akaambiwa aende.

Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa na jambo moja tu ndani yake: wasiwahi tena. Seremala hakutaka sifa. Alitaka watu mia nne wawatazame wachezaji wake na, wakitaka, wawazomee, lakini wasiwaonee huruma.

Na Blanketi alikuwa na dawa. Mnaijua tayari.

"Mwaka jana niliwapa sakafuni mlio mbichi," alinieleza, mikono nyuma ya mgongo kama daktari bingwa. "Ukumbini, kwenye spika za juu, nikawawekea watu ule niliopitisha kwa Mama Mkubwa, wenye joto. Sasa fikiria wewe. Mlio mbichi ni mkali. Unakurupusha. Mtu akichomwa kisigino atasubiri? Ataruka! Ndiyo maana waliwahi. Mwaka huu na sakafuni nawawekea joto. Watatulia."

Ilikuwa hoja nzuri, ya kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama suruali nzuri ya mtu mwingine.

Jumatano asubuhi wakalijaribu jukwaa uani. Wachezaji walikuja wakitoka kazini na nguo za kazi: mpaka rangi, wauza vitambaa wawili, mwoka mikate mwenye unga masikioni. Wakavua viatu, wakapanda. Blanketi akabonyeza kitufe kwa heshima ya mtu anayezindua daraja.

Hakuna aliyecheza. Walisimama wakitazama miguu yao. Mmoja akainua unyayo akauangalia chini, kama aliyekanyaga kitu. Seremala akapanda mwenyewe, akafumba macho kidogo, akashuka. Akamwendea shemeji yake, akafanya ishara ya mtu anayekoroga, kisha anayeinua mwiko na kutazama kinachodondoka.

"Uji," dada akatafsiri.

"Uji gani?"

"Hajataja. Ila anasema una mabonge."

"Mwambie hawajazoea. Joto linataka mazoea."

"Anasema amelala na miguu hii miaka arobaini na sita, ameizoea."

Blanketi akapanda ngazi akiwa amenuna. Alirudi baada ya chakula cha mchana akiwa amefanya kosa ambalo ni mtu wa aina yake tu anaweza kulifanya: kwa kuwa hawakuusikia mpigo, aliongeza besi. Aliongeza mara mbili. Ndoo zilitembea uani zenyewe. Kuku wa jirani wakahama. Wachezaji wakapanda jukwaani, na meno yao yakagongana, na wote kumi na wawili wakaanza kucheka bila sauti wakishikana mabega.

"Mashine ya kusaga," dada akasema, kabla kaka yake hajamaliza kuinua mikono. "Anasema wako juu ya mashine ya kusaga nafaka. Wanajua inafanya kazi. Hawajui inafanya nini."

"Wewe ndiye unayesema!"

"Wote wawili tunasema. Ni ukoo."

Nilimwuliza Blanketi, kwa upole niliokuwa nao, kama hajafikiri kwamba nyayo haziwezi kusherehekea mlio, zinachohitaji ni kuujua umeanza lini; na kwamba mwanzo wenyewe ndicho kitu alichotumia miaka yote hii akikikwangua. Akanitazama kwa masikitiko. Akasema watu wa kusafirisafiri hawana subira ya kusikiliza.

Alhamisi Seremala akatoa amri, na katika ua ule amri ni yake. Sakafuni uwekwe mlio mbichi, ule ulionaswa na kompyuta siku ya kurekodi, haujaguswa. Ukumbini, juu ya vichwa vya wanaosikia, Blanketi aweke chochote atakacho.

"Anasema wenye masikio wapewe uji wao," dada akatafsiri, "maadamu sakafu ni yetu."

Blanketi akakubali haraka, kama mtu aliyeombwa jambo dogo. Kwake ulikuwa ushindi: mia nne wangesikia kazi yake. Akaweka spika mbili juu ya vigingi ukutani, nne zikabaki chali chini ya mbao. Sisi wenye masikio, yaani yeye, mke wake na mimi, tukakaa kwenye benchi kama watazamaji.

Muziki ukaanza, na safari hii wachezaji wakaamka. Sijui kueleza vizuri kilichotokea zaidi ya hivi: watu kumi na wawili waliokuwa wapaka rangi na waoka mikate walikuwa sasa kitu kimoja chenye miguu ishirini na minne. Walikuwa wanakata hewa. Walikuwa wanageuka pamoja bila kutazamana, mgongo kwa mgongo, kwa amri iliyowajia kutoka chini.

Na walikuwa wanawahi.

Ilikuwa kidogo sana, kiasi cha mtu kuanza kusema neno akalimeza. Mguu unatua, ngoma inafuata. Ukishaiona mara moja huwezi kuona kingine. Mke wa Blanketi akaweka kiganja mdomoni. "Mungu wangu," akasema, "walewale wa mwaka jana."

Mgongo wa Blanketi ulinyooka. Muziki ulipokwisha akainuka.

"Nilisema au sikusema? Mlio mbichi unawakurupusha. Mwambie kaka yako. Si kosa lao, hawasikii, watajuaje? Mwambie kwa upole."

Sijapata kusikia upole unaostahili kofi kama ule. Mke wake akamgeukia kaka yake akamwambia kwa mikono. Nikaiona sura ya Seremala ikishuka, taratibu, kama pazia lililokatika kamba upande mmoja. Wachezaji wakasoma mikono hiyohiyo, nao wakaacha kutazamana.

Seremala alikaa kwenye ukingo wa jukwaa. Ni mtu wa vipimo. Akiambiwa mlango haufungi, hamlaumu mlango wala fremu kabla ya kuweka pima-maji. Akaashiria muziki urudiwe, bila wachezaji. Akasimama pekupeku, mguu mmoja juu ya jukwaa, na mkono wa kushoto akaunyoosha hadi kwenye spika ya ukutani, kiganja kikalala juu ya kitambaa chake. Akafumba macho.

Alisimama hivyo wimbo wote. Akaashiria tena. Akabadilisha mguu, akabadilisha mkono. Mara ya tatu alianza kutikisa kichwa, kwanza kidogo, halafu kwa ghadhabu, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa vibaya na watu wasiojua kuwa yupo.

Akafungua macho, akamwita dada yake, na mikono yake ikaanza kwenda kwa kasi ambayo hata yeye aliifuata kwa shida.

"Anasema mguu unafika kwanza. Kila mara. Mguu, halafu mkono. Anasema..." akasita, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Anasema ngoma ya sakafuni inaingia kama mtu anayegonga mlango. Hii ya ukutani inaanza nayo pamoja, lakini mwenzake ameshaingia ndani amekaa, yeye bado anavaa viatu. Anasema watu wake hawawahi. Ni wewe unayechelewa."

"Haiwezekani," Blanketi akasema. "Nimezilinganisha mwenyewe kwenye kompyuta. Zinaanza pamoja."

"Ndivyo anavyosema. Zinaanza pamoja."

"Sasa je?"

"Yako haifiki."

Nilimwona Blanketi akitafuta pa kushika. Mlio uliokwanguliwa ncha hauna mwanzo wa kuuonyesha kwa kidole. Unavimba. Sikio linangoja uvimbe huo ufike juu ndipo liseme: hapo ndipo ngoma. Kwa wimbo wa mapenzi wa bwana mwenye miwani ya jua haina neno, kwa sababu hakuna shahidi kando yake. Lakini weka mbele ya mlio huo mguu wa mtu anayejua kweli ngoma imepigwa lini, na mguu utaonekana mwongo. Watu mia nne waliuita mguu mwongo. Dada mtu aliuita mwongo. Msichana wa cherehani alifukuzwa kwa kuwa sahihi.

"Vua soksi," mke akamwambia mumewe.

"Mama watoto..."

"Vua soksi, panda, weka mkono pale. Tangazo liko mlangoni kwako, wewe mwenyewe umeliandika. Au ni la wageni tu?"

Akavua. Alikuwa na nyayo laini, nyeupe kwa kutokanyaga kitu. Akapanda jukwaani akiwa na sweta lake, mguu kwenye mbao, kiganja kwenye spika, na wachezaji kumi na wawili wakamzunguka wakimtazama, watu ambao alikuwa ametoka kuwasamehe. Muziki ukaanza. Baada ya mapigo kama ishirini masikio yake yakaanza kuwa mekundu. Hakuondoa mkono. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini hawasemi siku akiliona anakuwaje. Anakuwa mtu mnene aliyesimama kwa mguu mmoja.

"Ni kweli," hatimaye akasema, kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemtafsiria kwa kuwa haikuhitajika.

Lakini usidhani alijisalimisha kiungwana. Alasiri yote alikuwa akipendekeza. Je, tukiusogeza mlio wa ukumbini mbele kidogo? Akausogeza: ngoma zikakaa, marimba yakakimbia, kwa kuwa kila chombo kilikuwa kimekwanguliwa kivyake. Je, tukiacha joto kwenye marimba peke yake? Je, tukipunguza nusu? Seremala alikaa mbele ya msumeno wake akimgeuzia mgongo, na kila pendekezo likifika, dada alimgusa bega, alimwonyesha, naye alijibu kwa ishara ileile moja: kiganja kinachopangusa meza.

Ijumaa asubuhi Blanketi alipanda ghorofani peke yake akachomoa waya ulioingia kwa Mama Mkubwa. Aliupeleka mlio mbichi ukumbini na sakafuni, uleule mmoja, haujaguswa. Alichukua muda mrefu huko juu kwa kazi ya dakika mbili. Aliposhuka alikuwa na sura ya mtu aliyetoka kutazama maiti, na akatangaza kwamba muziki sasa ni mbaya, mkavu, wa kuparuza, na kwamba hataki jina lake litajwe.

"Halikuwahi kutajwa," mke wake akasema.

Wachezaji wakapanda. Sisi tukakaa kwenye benchi. Miguu ikatua na ngoma ikapiga, na hapakuwa na nafasi kati yao ya kupitisha unywele. Mke wa Blanketi alilia wazi, bila kujifuta. Kisha akainuka akamwendea kaka yake, na alichomwambia kwa mikono hakumtafsiria mtu, ila niliona ishara ya sindano ikipita kwenye kitambaa, mara nyingi.

Jumamosi saa mbili asubuhi gari la mizigo lilikuwa limejaa: mbao za jukwaa, spika, mabegi, wachezaji kumi na wawili wamekaa juu ya yote. Mke wa Blanketi alikaa mbele na kaka yake na dereva. Hapakuwa na nafasi yangu, na kusema kweli hakuna aliyeitafuta. Blanketi alikuwa amesimama mlangoni akiwaaga kwa mojawapo ya ishara mbili alizozijua.

Seremala akateremka. Akamwashiria apande.

"Mimi? Nikafanye nini?" Blanketi akamwuliza mke wake. "Hakuna cha kurekebisha. Ni kitufe kimoja tu."

"Tunampitia fundi cherehani," mke akasema dirishani. "Kaka ameshamwomba radhi kwa simu, kwa maandishi. Amejibu kwamba anarudi, ila anataka kumwona aliyechelewa."

"Sasa nitamwambia nini? Sijui lugha yenu."

"Ni saa moja na nusu njiani. Una walimu kumi na wawili."

Blanketi akanigeukia kana kwamba mimi ningekuwa na udhuru wa kumwazima. Sikuwa nao. Akanipa funguo, akaniambia bwana wa miwani ya jua anakuja saa nne kuchukua wimbo wake, nimpe, nisiguse kitu kingine. Kisha wakamvuta juu, mpaka rangi kwa mkono mmoja na mwoka mikate kwa mwingine, akakaa juu ya mbao na sweta lake, amekunja magoti kama mzigo uliosahauliwa anwani.

Somo likaanza gari likiwa bado limesimama. Mwoka mikate alimwonyesha: kiganja wazi, kinapigwa kifuani mara moja. Kosa ni langu. Blanketi akaiga. Alikileta kiganja chake taratibu, akakilaza kifuani, akakipitisha kwa upole kama anayejifuta makombo. Wote wakatikisa vichwa. Akarudia, polepole zaidi. Seremala, aliyekuwa bado chini, akapanda kwenye gurudumu, akakamata mkono wa shemeji yake kwenye kifundo, akauvuta nyuma na kuubamiza kifuani mwake, pa! Nikausikia mlio huo kutoka mlangoni. Blanketi aliutazama mkono wake. Akajaribu mwenyewe: pa. Dogo, lakini pa.

Gari likaondoka. Liliposhika barabara ya wauza vioo bado alikuwa anajipiga, wenzake wakimsahihisha, na kwa mtu yeyote aliyekuwa akipita ilionekana tu kama bwana mmoja aliyepaliwa na vumbi. Nikafunga mlango wa chini, nikakaa kwenye ngazi kumngoja mwenye wimbo wake.